Geji, Namba na Milimita za Mraba: Uchaguzi wa Waya za Kurefusha Vihisi vya Matangi ya Samaki na Haja ya Istilahi Moja ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua waya za kurefusha vihisi vya volti ndogo katika matangi ya samaki, na yanaonyesha kwamba kosa katika uchaguzi huo mara nyingi huanzia katika lugha kabla ya kufika katika umeme. Neno geji, lililokwisha kuzoeleka katika Kiswahili cha mafundi wa kanda hii, linatumika kwa vipimo vinavyokwenda kinyume: katika reli namba ikikua kitu hupanuka, ilhali katika bati na waya namba ikikua kitu hupungua. Kwa kutumia hesabu za ukinzani wa shaba na mifano ya vihisi vya aina mbalimbali, makala yanabainisha lini unene wa waya huamua usahihi wa kipimo na lini hauna athari. Yanapendekeza kwamba miongozo na zabuni zinazoandikwa kwa Kiswahili zitaje eneo la mkato kwa milimita za mraba, urefu wa njia nzima ya umeme, na aina ya ishara inayosafirishwa.

Istilahi za msingi: waya, kebo, geji, eneo la mkato, ukinzani, kihisi

1.0 Utangulizi

Katika nchi za Maziwa Makuu ufugaji wa samaki si kazi ya mabwawa ya udongo pekee tena. Vituo vya kutotolesha vifaranga vya sato na kambale hutumia matangi ya ndani, na ndani ya matangi hayo huwekwa vihisi vya halijoto, oksijeni, pH na kina cha maji. Kihisi huuzwa na kebo fupi, mara nyingi ya mita moja hadi tatu. Kisanduku cha udhibiti, kwa upande wake, sharti kikae mbali na unyevu na mirusho ya maji. Kwa hiyo karibu kila kituo hulazimika kurefusha kebo, na papo hapo swali huzuka: iongezwe waya ya unene gani?

Swali hilo huonekana dogo, lakini jibu lake laweza kugharimu kizazi kizima cha vifaranga. Tuchukue mfano wa kituo kilichopo nyanda za juu, ambako maji hupoa usiku. Sato huacha kuzaliana maji yanaposhuka chini ya nyuzi 20 hivi za Selsiasi, na vifaranga vyake hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Ikiwa maji yamefika nyuzi 22 na kihisi, kwa sababu ya waya nyembamba, kinaripoti karibu nyuzi 31, kipasha joto hakitawashwa. Mashine haitatoa king'ora chochote, kwa kuwa kwa mujibu wa kipimo ilichopokea kila kitu ni shwari. Sehemu ya 4.0 itaonyesha kwamba kosa la ukubwa huo linawezekana kwa mita 20 tu za waya.

Suala hili ni la wataalamu wa lugha na washauri wa sera kama lilivyo la mafundi. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikipitisha kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2021. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha iliyopewa hadhi hiyo haina budi kuweza kuandika mwongozo wa fundi na orodha ya zabuni bila kumwacha msomaji akikisia.

2.0 Geji: neno moja, vipimo vinavyopingana

Neno geji lina matumizi yasiyopungua matatu katika Kiswahili cha kanda hii. Kwanza, ni kifaa cha kupimia, kama katika geji ya presha ya tairi. Pili, ni upana wa njia ya reli: reli ya zamani itokayo Mombasa kwenda Kampala ina geji ya milimita 1,000, na reli mpya za Kenya na Tanzania zina geji ya milimita 1,435. Tatu, ni unene wa bati na waya. Katika matumizi ya pili namba kubwa humaanisha kitu kipana zaidi. Katika matumizi ya tatu mambo hugeuka: kila aliyewahi kuezeka nyumba anajua kwamba bati la geji 28 ni zito kuliko la geji 32.

Kinyume hicho kina asili yake kiwandani. Waya hutengenezwa kwa kuvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo, na kadiri inavyovutwa mara nyingi ndivyo inavyokonda. Namba ya geji ilitokana na hesabu ya hatua hizo. Kwa hiyo namba haikuwa kipimo cha ukubwa wa waya; ilikuwa historia fupi ya safari yake kiwandani.

Tatizo linaongezeka kwa kuwa hata geji ya waya si moja. Upo mfumo wa Kimarekani, unaofupishwa AWG, na upo mfumo wa Kiingereza, unaofupishwa SWG, uliofanywa kipimo cha kisheria nchini Uingereza mwaka 1884. Waya ya geji 22 katika mfumo wa Kimarekani ina kipenyo cha milimita 0.644, katika mfumo wa Kiingereza kipenyo ni milimita 0.711. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ikigeuzwa kuwa eneo la shaba, waya ya Kiingereza ina shaba zaidi kwa takriban asilimia 22. Mwongozo unaosema "tumia geji 22" na kuishia hapo haujasema jambo kamili.

Upo pia mfumo wa tatu, ambao ndio unaotumiwa na kiwango cha kimataifa IEC 60228: kutaja eneo la mkato wa shaba kwa milimita za mraba. Ukubwa uliozoeleka katika mfumo huo ni 0.5, 0.75, 1, 1.5 na 2.5. Mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa nchini Burundi, Rwanda na Kongo wameuzoea, kwa kuwa mafunzo yao hupima waya kwa eneo la mkato. Fundi wa nyumba wa Kampala, Nairobi au Mwanza naye anautumia kila siku anapoagiza dukani "waya ya 1.5" kwa taa na "waya ya 2.5" kwa soketi, ingawa hataji kizio. Yaani lugha ya mtaani tayari ina mwelekeo ulio sahihi. Mkanganyiko huletwa na kebo za vihisi na za mitandao ya kompyuta, ambazo nyingi hupigwa chapa ya AWG. Fundi aliyezoea kwamba 2.5 ni nene kuliko 1.5 anapokutana na 24 na 18, mazoea yake mwenyewe yanamwelekeza kuchagua 24.

Jedwali la 1 linaonyesha uhusiano wa namba hizo kwa waya ya shaba yenye uzi mmoja, katika nyuzi 20 za Selsiasi.

Jedwali la 1: Geji ya Kimarekani, kipenyo, eneo la mkato na ukinzani

| Geji (AWG) | Kipenyo (mm) | Eneo la mkato (mm²) | Ukinzani kwa mita 100 (Ω) |
|---|---|---|---|
| 26 | 0.405 | 0.129 | 13.4 |
| 24 | 0.511 | 0.205 | 8.4 |
| 22 | 0.644 | 0.326 | 5.3 |
| 20 | 0.812 | 0.518 | 3.3 |
| 18 | 1.024 | 0.823 | 2.1 |

Kanuni mbili zinatosha kukumbukwa. Namba ya geji ya Kimarekani ikipungua kwa 3, eneo la shaba huongezeka takriban maradufu na ukinzani hupungua kwa nusu. Ikipungua kwa 6, kipenyo ndicho huongezeka maradufu.

Hapa ni vyema kutahadharisha kuhusu neno unene. Jicho huona unene wa kebo nzima pamoja na kihami chake cha plastiki, lakini umeme hupita katika shaba pekee. Kebo mbili zenye unene sawa kwa nje zaweza kutofautiana sana kwa ndani. Ndiyo sababu makala haya yanapendelea istilahi eneo la mkato, yaani ukubwa wa uso wa shaba unaoonekana waya inapokatwa wima.

3.0 Volti zinavyopotea njiani

Kila waya ina ukinzani, na ukinzani huo hutegemea mambo matatu: madini yenyewe, urefu na eneo la mkato. Kwa shaba, waya yenye urefu wa mita 1 na eneo la milimita 1 ya mraba ina ukinzani wa takriban omu 0.0172. Urefu ukiongezeka, ukinzani huongezeka kwa kiwango kilekile. Eneo likiongezeka, ukinzani hupungua kwa kiwango kilekile. Mkondo unapopita, sehemu ya volti hubaki katika waya, na sehemu hiyo ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani.

Kosa la kawaida katika hesabu hii ni la lugha tena. Maneno "urefu wa kebo" humaanisha umbali kutoka tangi hadi kisanduku. Umeme, hata hivyo, huenda na kurudi. Kebo ya mita 25 ni njia ya mita 50. Mwongozo usiotofautisha urefu wa kebo na urefu wa njia ya umeme humfanya msomaji apate nusu ya jibu sahihi.

Tuchukue pampu ndogo ya hewa ya volti 12 inayotumia ampea 0.5, iliyowekwa mita 25 kutoka kwenye chanzo cha umeme. Kwa waya ya milimita 0.205 za mraba, ambayo ndiyo geji 24 ya Kimarekani, ukinzani wa njia nzima ni omu 4.2, na volti zinazopotea ni 2.1, yaani zaidi ya asilimia 17. Pampu hupata chini ya volti 10. Kwa waya ya 0.5 upotevu ni volti 0.86, kwa 0.75 ni volti 0.57, kwa 1.5 ni volti 0.29. Aliyeamua kwamba upotevu usizidi asilimia 5 atachagua 0.75. Aliyeamua usizidi asilimia 3 atachagua 1.5, kwa sababu waya ya 1 bado hupoteza asilimia 3.6.

Kanuni yenyewe yaweza kusemwa kwa sentensi moja: zidisha urefu wa njia nzima kwa mkondo na kwa 0.0172, kisha gawanya kwa volti ulizo tayari kupoteza. Jibu ni eneo la mkato kwa milimita za mraba, nawe chagua ukubwa wa dukani unaofuata juu yake. Kanuni hiyo inafanya kazi kwa milimita za mraba moja kwa moja. Kwa geji haifanyi kazi mpaka kwanza namba igeuzwe kwa kutumia jedwali, na kila mgeuzo ni mlango wa kosa.

Sababu ya volti ndogo kuhitaji uangalifu zaidi kuliko umeme wa nyumbani ni wazi. Volti 2 zikipotea katika umeme wa volti 240, hakuna atakayegundua. Zikipotea katika volti 5 za kihisi, kihisi kinaweza kukoma kufanya kazi.

4.0 Waya inabeba nini?

Hadi hapa tumezungumzia waya inayopeleka nguvu. Waya ya kihisi aghalabu hupeleka kitu kingine, yaani taarifa. Kabla ya kuuliza unene, inafaa kuuliza taarifa hiyo inasafiri kwa umbo gani: ukinzani, volti, mkondo au tarakimu.

4.1 Taarifa kwa umbo la ukinzani

Kihisi cha halijoto cha platini kiitwacho Pt100 kina omu 100 katika nyuzi 0, na ukinzani wake hupanda kwa takriban omu 0.385 kwa kila nyuzi moja. Kisomaji hakiwezi kutofautisha ukinzani wa kihisi na ukinzani wa waya; hujumlisha vyote. Kebo ya mita 20 ya geji 24 ya Kimarekani, yenye nyaya mbili, huongeza omu 3.37. Hizo husomeka kama nyuzi zipatazo 8.7. Hivyo ndivyo maji ya nyuzi 22 yanavyoripotiwa kuwa karibu nyuzi 31, kama ilivyotajwa katika utangulizi.

Waya nene hupunguza kosa bila kuliondoa. Waya ya 0.5 hubakiza kosa la nyuzi 3.6, na ya 1.5 hubakiza nyuzi 1.2. Wengine hurekebisha kisomaji kwa kukitolea kiasi hicho, na hilo husaidia kwa sehemu tu, kwa kuwa ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi. Kebo inayopita juani na kupashwa joto kwa nyuzi 15 zaidi mchana itarudisha kosa la nusu nyuzi. Tiba ya kweli ni idadi ya nyaya. Katika mpangilio wa nyaya tatu kisomaji hupima ukinzani wa waya na kuutoa, ilimradi nyaya zote ni sawa. Katika mpangilio wa nyaya nne, mbili hupeleka mkondo na mbili hupima volti bila kubeba mkondo wa maana, hivyo unene wake hauna athari.

Kwa kulinganisha, kebo ileile ikiunganishwa na kihisi cha Pt1000, ambacho ukinzani wake ni mara kumi, kosa hushuka hadi nyuzi 0.9. Ikiunganishwa na thamista ya omu 10,000, ambayo karibu na nyuzi 25 hubadilika kwa zaidi ya omu 400 kwa kila nyuzi, kosa huwa chini ya mia moja ya nyuzi. Waya ni ileile. Aliyebadilika ni mtumaji wa taarifa.

4.2 Taarifa kwa umbo la volti

Baadhi ya vihisi hutoa volti 0 hadi 5 kulingana na kipimo. Hatari yake kubwa ni waya ya kurudi kushirikiwa na vifaa vingine. Kama pampu ya ampea 0.5 inarudisha mkondo wake kwa waya ileile ya geji 24 yenye urefu wa mita 25, volti 1.05 huzuka juu ya waya hiyo na kuingia katika usomaji, sawa na asilimia 21 ya kipimo chote. Kipimo cha oksijeni kitaruka kila pampu inapowaka. Kutenganisha waya ya kurudi ya pampu na ya kihisi kunafaa kuliko kununua waya nene zaidi kwa vyote viwili.

4.3 Taarifa kwa umbo la mkondo na la tarakimu

Vihisi vya viwandani vinavyotoa miliampea 4 hadi 20 haviathiriwi na ukinzani wa waya, kwa kuwa mkondo ni uleule mwanzo na mwisho wa njia. Kwa kebo ya mita 100 ya geji 24, volti zinazopotea katika miliampea 20 ni 0.34 tu, nazo chanzo cha volti 24 huzimudu bila taabu.

Vihisi vya tarakimu, kama DS18B20 kinachotumiwa sana na wafugaji wadogo, hukokotoa halijoto ndani yake na kutuma namba. Namba hiyo ama inafika ikiwa sahihi ama haifiki. Katika kebo ndefu kinachoharibu ishara si ukinzani hasa, bali uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, ambao hulegeza kingo za mapigo. Waya nene haiondoi tatizo hilo. Kupanga kebo katika mstari mmoja usio na matawi marefu husaidia zaidi.

4.4 Kipimo cha pH

Elektrodi ya kioo ya pH ni kesi ya pekee. Hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH katika nyuzi 25, lakini ukinzani wake wa ndani hufikia mamilioni mengi ya omu. Mbele ya ukinzani huo, omu chache za waya si kitu. Unyevu kidogo katika kiungo cha kebo, kwa upande mwingine, hufungua njia ya kuvuja na kupotosha kipimo. Kebo hiyo haifai kuungwa kwa waya ya kawaida hata iwe nene kiasi gani. Inafaa kuweka kikuza ishara karibu na tangi na kurefusha kebo baada ya kikuza hicho.

5.0 Mambo mengine ya kuzingatia

Waya zinazouzwa kwa bei nafuu mara nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukinzani wa aluminiamu ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba, hivyo hesabu zote zilizotangulia hubadilika. Zabuni iseme "shaba tupu". Aidha, kiungo kikae juu ya maji ndani ya kifuniko kisichopenya unyevu, kwani kutu huongeza ukinzani kuliko mita nyingi za waya. Shaba iliyo wazi isiguse maji kamwe, kwa kuwa ikiyeyuka ndani yake ni sumu kwa samaki.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, makala yanatoa mapendekezo manne kwa waandishi wa miongozo, mashirika ya viwango na vyombo vya istilahi, ikiwamo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Kwanza, eneo la mkato kwa milimita za mraba liwe ndicho kipimo cha msingi cha waya katika maandishi yote ya Kiswahili. Geji ikitajwa, itajwe ya pili na kwa jina la mfumo wake, kwa mfano: "waya ya shaba ya milimita 0.5 za mraba, sawa na takriban geji 20 ya Kimarekani."

Pili, neno geji lisifukuzwe. Limekita mizizi katika bati, reli na vyombo vya kupimia, na kulibuniia mbadala kungeongeza msamiati bila kuongeza uelewa. Kinachohitajika ni kamusi za ufundi kueleza wazi kwamba katika bati na waya namba kubwa ni wembamba.

Tatu, istilahi urefu wa kebo na urefu wa njia zitofautishwe, na kila kanuni iseme ni upi unaotumika.

Nne, maelezo ya kihisi yataje umbo la ishara na idadi ya nyaya kabla ya kutaja unene wake. Mnunuzi anayejua kwamba anahitaji kebo ya nyaya nne hatapoteza fedha kwa kebo nene ya nyaya mbili.

7.0 Hitimisho

Uchaguzi wa waya ya kihisi ni hesabu fupi ambayo mwanafunzi wa sekondari anaimudu, ilimradi apewe namba zenye maana moja. Penye pampu na vifaa vinavyokula mkondo, eneo la shaba ndilo linaloamua. Penye ishara, umbo lake ndilo linaloamua, na mara nyingi waya nene haitibu kitu. Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linaloweza kuwasilishwa kwa namba isiyo na kizio wala mfumo. Mfugaji wa Kabale na mwenzake wa Bukavu wakisoma mwongozo mmoja wa Kiswahili, wanapaswa kuingia dukani na kutoka na waya ileile.